Jina la Nyumbani na Jina Rasmi: Utambulisho wa Vizazi Viwili katika Riwaya ya The Namesake

Riwaya ya The Namesake ya Jhumpa Lahiri, iliyochapishwa mwaka 2003, inasawiri maisha ya Ashoke na Ashima Ganguli, Wabengali waliohama kutoka Calcutta na kuishi Massachusetts, Marekani, pamoja na watoto wao waliozaliwa huko. Ni rahisi kuusoma mgogoro wa mwana wao kuwa ni wa kuukana Ubengali na kuukumbatia Umarekani. Hata hivyo, uchunguzi wa majina yake unaonyesha jambo tofauti.

Kwa desturi ya Wabengali, mtu huwa na majina mawili. Daknam ni jina la nyumbani, ambalo hutumiwa na jamaa na watu wa karibu. Bhalonam ni jina rasmi linaloandikwa shuleni na katika nyaraka. Majina hayo hayashindani, kwani kila moja lina mahali pake. Mwana huyo anapozaliwa mwaka 1968, wazazi wanasubiri barua yenye jina rasmi kutoka kwa bibi yake Ashima. Barua haifiki, na hospitali inataka jina la kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Ndipo linapoandikwa jina la nyumbani, Gogol, kwa kumbukumbu ya mwandishi Mrusi Nikolai Gogol, ambaye kitabu chake Ashoke alikuwa akikisoma usiku aliponusurika katika ajali ya treni.

Jina rasmi, Nikhil, linapatikana baadaye. Mtoto analikataa anapoanza shule, kisha analichukua kisheria kabla ya kuingia chuo kikuu. Hapa pana kinaya: jina analoliacha ni la Kirusi, ilhali analolichukua ni la Kibengali, tena alilochaguliwa na wazazi wake. Anachokikimbia si asili yake, bali ni mzigo wa kuitwa hadharani kwa jina la ndani.

Gharama ya uamuzi huo inadhihirika baba anapofariki, na mama kuamua kuugawa mwaka kati ya India na Marekani. Jina la nyumbani huishi vinywani mwa wanaolitamka. Wanapopungua, nalo hufifia. Kwa hiyo, riwaya inadokeza kwamba kizazi cha pili hakipotezi urithi kwa kuukana tu, bali pia kwa kupungukiwa na watu wa kuutumia nao. Mwishoni, Gogol anaanza kukisoma kitabu alichozawadiwa na baba yake miaka mingi nyuma.