Jasho la Mtoto ni Mali ya Nani?

Mwezi wa Aprili mwaka 1938 kijana mmoja wa Kimarekani, mwenye umri wa miaka 23, alimshitaki mama yake mzazi mahakamani katika mji wa Los Angeles. Kwetu sisi, mtoto kumpeleka mamaye mbele ya hakimu ni jambo zito, na anayelitenda hana budi awe na sababu kubwa. Kijana huyo alikuwa nayo. Jina lake Jackie Coogan, na katika utoto wake alikuwa mmoja wa watoto waliojulikana zaidi duniani, popote palipokuwa na jumba la sinema. Yakadiriwa kuwa kazi yake iliingiza dola kati ya milioni 3 na milioni 4. Alipokwisha kutimiza miaka 21 akataka apewe fedha yake, aliambiwa kuwa si yake.

Twaandika habari hii kwa sababu wasomaji wetu ni wafanyakazi, na hii ni habari ya mfanyakazi. Tofauti ni kwamba huyu alianza kazi kabla hajajua kuhesabu mshahara.

Alizaliwa tarehe 26 Oktoba 1914, wazazi wake wakiwa watu wa michezo ya jukwaani. Mwaka 1919 Charlie Chaplin alimwona jukwaani mjini Los Angeles pamoja na baba yake, akamtaka kwa sinema aliyokuwa akiifikiria. Chaplin mwenyewe alikuwa mtoto wa umaskini wa London. Akiwa na umri wa miaka saba aliingizwa katika nyumba ya mafukara, na hakulisahau jambo hilo maisha yake yote. Ndipo ikatoka sinema iitwayo The Kid, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1921. Yahusu maskini mmoja anayeokota mtoto mchanga na kumlea. Mtoto anapokua kidogo anatumwa kuvunja madirisha ya watu kwa mawe, na mlezi wake hupita nyuma yake na vioo mgongoni, kana kwamba ni bahati tu, akaajiriwa kuyatengeneza. Watu walicheka. Kisha maofisa wanakuja kumchukua mtoto kwa nguvu ili wampeleke kwenye nyumba ya yatima, naye analia garini amenyoosha mikono. Na waliokuwa wakicheka wakalia.

Machozi hayo yalipatikanaje? Chaplin ameeleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1964. Mtoto alikuwa na furaha siku hiyo, hakuweza kulia. Baba yake akamchukua kando, akamwambia kwamba asipolia ataondolewa pale na kupelekwa kweli katika nyumba ya mafukara. Mtoto akalia kwa uchungu. Chaplin alimhurumia, akambembeleza na kumhakikishia kuwa hapelekwi popote, na mtoto akamjibu kwamba alijua baba anatania. Tumeisoma habari hiyo zaidi ya mara moja, na kila mara twaona kuwa yule mtoto ndiye aliyekuwa mtu mzima miongoni mwao.

Baada ya hapo kazi ikafuata kazi. Mwaka 1922 alicheza katika Oliver Twist, na mwaka 1930, akiwa amekwisha kuwa mvulana mkubwa, alicheza katika Tom Sawyer. Jina lake na sura yake viliuza siagi ya karanga, wanasesere, filimbi na karatasi za barua. Mwaka 1924 alizungushwa nchini mwake na ng'ambo kukusanya misaada kwa ajili ya yatima wa Kiarmenia na wa Kigiriki, na vitu vya thamani ya zaidi ya dola milioni moja vikapatikana. Huko Roma alipokewa na Papa Pius wa 11. Basi mtoto wa miaka kumi aliwavisha na kuwalisha maelfu, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza yeye mwenyewe amewekewa nini.

Mwezi Mei mwaka 1935 gari alimokuwamo pamoja na baba yake lilipata ajali. Watu wanne walikufa, baba akiwa mmoja wao. Jackie peke yake ndiye aliyepona. Mama akaolewa na Arthur Bernstein, aliyekuwa mshauri wa fedha wa familia hiyo. Kuanzia hapo mtunza hesabu na mwenye nyumba wakawa mtu mmoja, na wale miongoni mwetu waliopata kukaa katika kamati za vyama vya ushirika wajua mambo ya namna hiyo huelekea wapi. Katika kesi yalitajwa makoti ya manyoya, almasi na magari ya fahari.

Lakini kiini cha kesi hakikuwa almasi. Kiini kilikuwa sheria. Upande wa mama ulisimama juu ya hoja mbili. Ya kwanza, kwamba mtoto alifurahi na kudhani anacheza tu mbele ya kamera. Ya pili, kwamba kila dola anayoichuma mtoto kabla ya kutimiza miaka 21 ni mali ya wazazi. Hoja ya kwanza twaiacha, maana hata mwashi hufurahi ukuta ukisimama wima na wala hakatwi ujira kwa furaha yake. Hoja ya pili ndiyo yenye uzito, kwa kuwa sheria ya California wakati huo ilikuwa upande wake. Mtu huyu hakuibiwa kwa kuvunjwa sheria. Aliibiwa kwa kufuatwa sheria. Wazee wetu waliokata mkonge Tanga kwa kadi ya kipande hawahitaji kuelezwa tofauti hiyo.

Mwaka 1939 kesi ilimalizwa kwa mapatano. Mali yote iliyobaki ilikuwa kama dola 250,000, na Jackie akapata nusu, yaani dola 126,000. Alipokuwa katika dhiki alikwenda kwa Chaplin kuomba msaada, naye akampa dola 1,000 bila kusita.

Mwaka huo huo California ilitunga sheria ambayo watu huiita kwa jina la Coogan. Mahakama iliweza kuamuru sehemu ya mapato ya mtoto iwekwe akiba hadi atakapokua. Ilikuwa hatua, lakini hatua fupi. Ilihusu mikataba iliyoletwa mahakamani kuthibitishwa, na mingi haikuletwa. Na fedha isiyowekwa akiba ilibaki kuwa ya wazazi kama zamani. Shirley Temple, aliyekuwa nyota mtoto mkubwa wa miaka ya 1930 na ambaye baadaye alikuja Afrika kuwa balozi wa nchi yake nchini Ghana, ameandika kuwa kati ya zaidi ya dola milioni 3 alizochuma alikuta kama dola 44,000 tu.

Coogan hakukaa kulilia yaliyopotea. Mwaka 1941 aliingia jeshini, akawa rubani wa zile ndege zisizo na injini zinazovutwa angani kwa kamba na ndege nyingine. Mwezi Machi 1944 alikuwa miongoni mwa waliowashusha askari usiku nyuma ya majeshi ya Kijapani huko Burma. Nchi ile ile ambamo askari wetu wa Keya walipigana mwaka huo katika bonde la Kabaw. Vita vilipokwisha alirudi katika uigizaji, akachukua kazi ndogo ndogo katika sinema na televisheni, jambo ambalo kwa mtu aliyepata kuwa mfalme halikuwa rahisi. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1966 alikuwa mjomba Fester katika mchezo wa televisheni The Addams Family, mzee mwenye upara anayetia taa ya umeme mdomoni ikawaka. Watoto waliompenda hawakujua kuwa huyo ndiye aliyewaliza bibi zao mwaka 1921. Alifariki tarehe 1 Machi 1984.

Miaka 16 ilipita tangu kifo chake kabla California haijasema wazi kuwa mapato ya mtoto mwigizaji ni mali ya mtoto. Tangu tarehe 1 Januari 2000 mwajiri hutakiwa kuweka asilimia 15 ya mapato hayo katika akiba asiyoweza kuigusa mzazi. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025 sheria za jimbo hilo zimewafikia pia watoto wanaoonyeshwa na wazazi wao katika filamu za intaneti, ambazo mwajiri wake ni baba au mama mwenyewe.

Sisi nasi tunayo ya kutazama. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1973 juu ya umri wa kuanza kazi, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1998, waruhusu watoto kushiriki katika michezo ya sanaa kwa kibali, na wataka kibali hicho kiweke mpaka wa saa na masharti ya kazi. Ibara hiyo yataja saa, ujira haiutaji. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa, na yasema mtoto alipwe kwa kadiri ya thamani ya kazi yake. Ni neno jema. Lakini kulipwa ni jambo moja, na fedha kumngojea mwenyewe hadi akue ni jambo jingine.

Watoto wamo katika matangazo ya sabuni, wamo katika tamthilia, wamo katika filamu fupi zinazotazamwa kwenye simu kutoka Kigoma hadi Mombasa. Twapenda kusikia vyama vya wafanyakazi na vyama vya waigizaji vikidai jambo moja dogo: kwamba mkataba wa kumtumia mtoto usitiwe sahihi kabla hakijaonyeshwa kitabu cha benki kilichofunguliwa kwa jina lake.