Gunia lisiguse sakafu!

Mimi nauza mchele hapa Rujewa. Kuna msimu maji yaliingia stoo usiku, magunia sita ya chini yakaloa, mchele ukavunda, mtaji ukaenda. Kosa langu? Niliangalia mawingu ya kwetu tu. Usangu ni bonde: mvua ikipiga milimani, mito inatuletea maji hata huku kukiwa kukavu.

Sasa Novemba mpaka Aprili nafanya hivi:

1. Nafuatilia TMA kila siku. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa.
2. Magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.
3. Daftari la madeni ndani ya nailoni, juu kabisa.

Mdeni utambembeleza, maji hayabembelezwi. Wewe umejipangaje?