Kasri la Caserta na Njia ya Maji

Kasri la kifalme la Caserta liko kusini mwa Italia, takribani kilomita 30 kaskazini mwa jiji la Napoli. Ni miongoni mwa makasri makubwa kabisa yaliyojengwa Ulaya katika karne ya 18: vyumba vyake vinafikia 1,200, vimepangwa kuzunguka nyua nne, na nyuma yake bustani inapanda polepole kwa karibu kilomita tatu hadi kwenye mlima. Wageni wengi humaliza nguvu zao vyumbani, wakaitazama bustani kwa mbali, kisha wakaondoka. Hao hukosa nusu iliyo bora zaidi. Caserta ilibuniwa kuwa kitu kimoja, nyumba na maji juu ya mstari mmoja ulionyooka, na haieleweki ikitazamwa vipandevipande.

Aliyeagiza lijengwe ni Carlo wa ukoo wa Bourbon, aliyeutwaa ufalme wa Napoli mwaka 1734. Alikuwa kitukuu cha Louis XIV wa Ufaransa, mjenzi wa Versailles, na mfano wa babu huyo haukumtoka akilini. Lakini kulikuwa pia na sababu ya usalama. Mwaka 1742 meli za kivita za Uingereza zilifika mbele ya Napoli na kutishia kuupiga mji kwa mizinga, na kasri la mjini lilikuwa ufukweni kabisa. Caserta ilikuwa mbali na bahari na mbali na volkano ya Vesuvius, ilikuwa na uwanda mpana wa kujengea, na misitu yake ilijaa wanyama. Carlo alipenda uwindaji kupita kiasi.

Kazi alipewa Luigi Vanvitelli, mzaliwa wa Napoli ambaye baba yake alikuwa mchoraji kutoka Uholanzi. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 20 Januari 1752, siku ya kuzaliwa ya mfalme. Miongoni mwa waliochimba na kubeba mawe walikuwamo wafungwa na mateka Waislamu waliokamatwa baharini, na maelezo yoyote ya fahari ya Caserta yanayowaacha watu hao yana upungufu mkubwa. Mwenye kasri mwenyewe hakulifaidi: mwaka 1759 Carlo aliitwa kurithi kiti cha enzi cha Hispania, akamwachia Napoli mwanawe Ferdinando aliyekuwa bado mtoto. Vanvitelli alifariki mwaka 1773, na mwanawe Carlo Vanvitelli akaendelea na ujenzi. Kuba la katikati na minara minne ya pembeni iliyokuwamo kwenye ramani haikujengwa kamwe.

Sanaa ya mtindo wa Baroko ilitaka mamlaka yaonekane kwa macho, na hapa yanaonekana tangu langoni. Orofa ya chini imepasuliwa katikati na ukumbi mrefu ulionyooka, hivyo mtu aliyesimama mbele ya kasri huweza kutupa jicho chini ya jengo zima na kuona upande wa pili maporomoko ya maji yakishuka mlimani. Upande wa kusini, barabara iliyonyooka inauendeleza mstari huohuo kuelekea Napoli. Kati ya mji na mlima, njia yote inapita chini ya makazi ya mfalme.

Kutoka ukumbi huo inapanda Ngazi Kuu. Inaanza ikiwa moja, pana, kisha inageuka kuwa mbili zinazorudi nyuma kwa pande zote, zikilindwa na simba wawili wa mawe. Juu yake kuna kuba mbili, moja ndani ya nyingine. Ya chini ina uwazi katikati, na katika nafasi iliyofichika baina ya hizo mbili walikaa wanamuziki. Mfalme alipopanda, muziki ulisikika na wapigaji wasionekane. Ni vigumu kupata mahali pengine panapoonyesha wazi zaidi jinsi Baroko ilivyounganisha ujenzi na tamthilia.

Vyumba vya wazi kwa wageni vinafuatana kwa utaratibu unaofaa kujulikana kabla ya kuingia. Kwanza ni kumbi za walinzi, halafu za kungojea, na mwisho ndipo Chumba cha Kiti cha Enzi, kilichokamilika mwaka 1845. Mpangilio huo ulikuwa chujio: cheo cha mtu ndicho kilichoamua ataishia mlango upi. Kanisa dogo la kasri lilifuata mfano wa lile la Versailles, na baadhi ya nguzo zake bado zina alama za mabomu ya mwaka 1943. Ukumbi wa maonyesho, uliofunguliwa mwaka 1769, una ubunifu wa kupendeza mno: ukuta wa nyuma ya jukwaa unaweza kufunguliwa, na bustani yenyewe ikawa mandhari ya mchezo.

Ikitazamwa kutoka kasrini, bustani inaonekana kama utepe mmoja wa maji. Anayetembea hugundua kwamba ni mabwawa marefu kadhaa yaliyopangwa ngazi kwa ngazi, kila moja likilimwagia la chini yake. Linaanza la Pomboo, kisha la Eolo, mungu wa pepo, ambalo sanamu zake hazikukamilika. Linafuata la Cerere, mungu wa kike wa mavuno, lenye alama ya kisiwa cha Sicilia kilichotawaliwa na ukoo huohuo, halafu la Venus na Adonis. Mwisho kabisa, chini ya maporomoko, Diana anaoga na wajakazi wake. Upande wa pili Actaeon, mwindaji aliyethubutu kumwona, amekwisha kuota kichwa cha paa dume na mbwa wake mwenyewe wanamrukia. Wafalme waliopenda kuwinda walichagua kisa hicho kiwe kilele cha bustani yao.

Maji hayo hayasukumwi na mashine. Versailles ilihitaji magurudumu na pampu kuyapandisha maji ya mto Seine, na bado hayakutosha. Vanvitelli alikwenda kuyatafuta juu, kwenye vyanzo vya Fizzo chini ya mlima Taburno, akayaleta kwa mfereji wa kilomita 38 ambao sehemu kubwa umepita ardhini, yakitiririka kwa mteremko tu. Yalifika mwaka 1762. Penye bonde alijenga daraja la matao lenye orofa tatu, urefu wa mita 529 na kimo cha karibu mita 56. Mfereji huo pia uliendesha vinu na kuhudumia viwanda vya hariri vya San Leucio, na ndio kazi kuu kuliko zote za Caserta.

Karibu na bwawa la Diana kuna lango la Bustani ya Kiingereza, iliyoanzishwa mwaka 1786 kwa matakwa ya Malkia Maria Carolina, dada yake Marie Antoinette. Mtunza bustani John Andrew Graefer aliutupa mstari ulionyooka: vijia vinapinda, miti ya nchi za mbali imeachwa ikue kwa umbo lake, na magofu ya kuigiza yamewekwa sanamu halisi za kale.

Tarehe 29 Aprili 1945, majeshi ya Ujerumani yaliyokuwa Italia yalitia saini hapa hati ya kujisalimisha. Mwaka 1997 UNESCO ililiorodhesha kasri kuwa Urithi wa Dunia pamoja na bustani, mfereji na San Leucio.

Stesheni ya treni ya Caserta inatazamana na kasri. Jumanne kasri hufungwa, na saa ya kufunga bustani hubadilika kwa majira. Wakati wa joto ni afadhali kuanza na bustani asubuhi na kuviacha vyumba kwa mchana, kwani kando ya mabwawa kivuli ni haba. Wasioweza kutembea hupata basi dogo au baiskeli. Daraja la mfereji halimo ndani ya eneo hilo: liko karibu na mji wa Maddaloni, upande wa mashariki, na hufikiwa kwa gari.