Fahamu: Jinsi kifaa cha kidoleni kinavyomwezesha daktari kukufuatilia ukiwa nyumbani

Mwishoni mwa 2020, corona ikijaza wodi za Uingereza, huduma ya afya ya taifa hilo, NHS, iliwapa wagonjwa waliokuwa hatarini nchini England oksimita, kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, wajipime oksijeni nyumbani.

Kinafanyaje kazi?

Oksimita hupitisha mwanga mwekundu na wa infraredi kwenye kidole. Damu yenye oksijeni ya kutosha hufyonza mwanga huo tofauti na damu iliyopungukiwa, na kifaa hukokotoa asilimia. Mgonjwa huwasilisha namba hizo kwa simu, na wahudumu humfuatilia kutoka mbali.

Namba zina maana gani?

Wagonjwa hao walielekezwa hivi: 95 au zaidi ni kawaida, 93 au 94, mpigie daktari, 92 au chini, nenda hospitali mara moja. Maelekezo hayo ni muhimu kwa sababu mgonjwa wa corona anaweza kupungukiwa oksijeni bila kuhisi kukosa pumzi.

Je, kifaa hakikosei?

Hukosea. Desemba 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kuwa oksimita ilishindwa kugundua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa Weusi karibu mara 3 zaidi kuliko kwa Wazungu. Hivyo, msomaji mwenye ngozi nyeusi, usitegemee namba moja. Ikizidi kushuka, au ukipumua kwa shida, tafuta matibabu hata kama kioo kinaonyesha 95. Na watengenezaji wana wajibu wa kuvijaribu vifaa hivi kwenye ngozi za rangi zote.