Gari Lenye Nguvu Si Kipimo cha Barabara

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwishoni mwa juma moja la Aprili, mvua zikiwa hazijakatika, sisi tulifika Kigoma tukiwa wageni, na waliotuponya ni wenyeji. Twaona ni wajibu wetu kulieleza jambo hilo, kwani linawahusu viongozi wetu kuliko linavyotuhusu sisi.

Tulikuwa kundi la magari matano, yote ya aina ile ambayo injini huvuta magurudumu manne kwa pamoja. Mchezo wa kusafiri kwa magari ya namna hii, kulala katika mahema na kuitafuta njia mbaya kwa makusudi, umepata wapenzi wengi nchini. Mwezi wa Oktoba 2024 mji wa Arusha ulijaa mamia ya magari ya Land Rover yaliyokusanyika kwa tamasha. Sifa ya magari haya ni rahisi kuieleza. Gurudumu moja likikosa pa kushika, mengine huendelea kuvuta; na dereva akitia gia ya nguvu, gari hutambaa pole pole mahali ambapo gari la kawaida lingebaki likizungusha matairi bure.

Kigoma ni mahali panapomfaa mpenda safari. Reli iliyoanzia Dar es Salaam ilifika hapo mwaka 1914, baada ya kukata nchi kwa kilomita zipatazo 1,250. Kabla ya hapo, mwendo ulikuwa wa miguu. Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Ujiji Februari 1858. Na mizigo yao, kama ile ya misafara yote ya Waswahili na Waarabu waliotoka Unguja na Bagamoyo, ilichukuliwa mabegani mwa wapagazi. Mwaka 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliburura mashua mbili za kivita, Mimi na Toutou, kupitia milima ya Kongo mpaka katika Ziwa Tanganyika. Vitabu husifu mitambo ya mvuke iliyozikokota. Lakini mitambo hiyo isingesogea hata hatua moja, lau watu wa nchi ile wasingekata miti, kujenga madaraja na kusawazisha njia kwa mikono yao.

Tulikumbushwa ukweli huo siku ya Jumamosi. Asubuhi tulipita Ujiji, tukasimama penye kumbukumbu ya kukutana kwa Livingstone na Stanley mwaka 1871, kisha tukashika njia ya kusini kuelekea Ilagala na mto Malagarasi. Alasiri, katika bonde la udongo mweusi, gari la mbele lilizama hadi kwenye ekseli. La pili, lililokwenda kulivuta, nalo likazama. Tulishangilia, tukapiga picha, kwani hilo ndilo tulilolifuata.

Hatukutambua kuwa tumeifunga njia. Nyuma yetu ilisimama pikipiki iliyombeba mama na mtoto mwenye homa, wakielekea zahanati. Kushoto palikuwa na maji na kulia palikuwa na tope. Mama yule hakusema neno. Alishuka, akamfunga mtoto mgongoni, akavua viatu na kuingia topeni kwa miguu, huku vijana wanne wakiinyanyua pikipiki na kuivusha juu juu. Kicheko chetu kilikatika hapo. Vijana wale wale walirudi na majembe na matawi ya miti, wakayachimbua magari yetu kabla ya jua kuchwa. Tulipomshukuru mzee aliyekuwa akiwaongoza, alijibu kwa upole: "Wanangu, nyinyi mtapita leo na kesho mmekwenda zenu. Sisi hapa ndipo tunapopita kila siku."

Usiku tulipiga mahema mahali tulipoonyeshwa na uongozi wa kijiji. Mwenzetu mmoja alitaka tuteremke na magari hadi ufukweni, akakatazwa, na kwa haki. Mwezi ulikuwa haujatoka, na taa za wavuvi wa dagaa zilitapakaa ziwani mithili ya mji. Kulipopambazuka tuliwaona akina mama wakiwaanika dagaa hao mchangani na juu ya vichanja. Tairi moja tu lingeharibu kazi ya usiku mzima.

Tumesema kuwa jambo hili linawahusu viongozi. Sababu ni kwamba gari tunalolitumia sisi kwa mchezo ndilo wanalolitumia wao kwa kazi. Kiongozi akifika kijijini kwa gari la namna hiyo, huandika kuwa barabara inapitika; naye hasemi uongo, kwani yeye amepita. Lakini mwananchi hana gari hilo. Ana miguu, baiskeli, au nafasi ya nyuma ya pikipiki. Barabara ipimwe kwa siku ambazo mama mwenye mtoto mgonjwa ameshindwa kuipita. Na mara nyingi dawa yake si lami. Ni mitaro iliyozibuliwa kabla ya mvua, kalvati lililowekwa mahali pake, na kifusi cha kutosha bondeni.

Sisi wa visiwani tusidhani kuwa hadithi hii ni ya bara peke yake. Mtu wa Tumbatu anayemvusha mgonjwa kwa mashua siku ya upepo mkali anayajua haya. Anayevuka kwa boti kubwa na imara hawezi kuupima mkondo kwa niaba yake.

Kwa wenzetu wapenda safari, twashauri mambo machache. Wapige hodi kwa mtendaji wa kijiji kabla ya kupiga hema. Wasikate miti, wasiache takataka, wasiendeshe ufukweni. Wanaochimbuliwa topeni walipe ujira wa halali, na gari lililokwama lisizuie njia ya wenye shida.

Kwa viongozi tuna ombi moja. Kila mmoja, angalau mara moja katika msimu wa mvua, aliache gari lake njiani na kuimaliza safari kwa chombo wanachokitumia wananchi wake. Bila shaka atachelewa, na huenda akachafuka. Lakini taarifa atakayoiandika jioni ile itakuwa na habari ambazo kiti cha gari lake hakijapata kumpa.