Umbo la kiuno huanzia mgongoni

KAMPALA

Katika maduka ya Kikuubo na yale yanayozunguka Soko la Mtakatifu Balikuddembe, ambalo wengi bado huliita Owino, mishipi ya kubana tumbo haikosi wanunuzi. Wengi wanataka kiuno kionekane na nguo ikae vizuri. Lakini mshipi hubana kwa saa chache tu. Ukivuliwa, umbo hurudi lilivyokuwa. Kinachodumu ni misuli, na si ya tumbo peke yake.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani, suala hili si la urembo tu. Safari ya basi kutoka Kampala hadi Nairobi kupitia Busia au Malaba ni zaidi ya kilomita 600, mara nyingi usiku kucha. Msafiri hukaa amejikunja, kisha akishuka huinua mizigo papo hapo. Mazoea hayo yakiendelea, mabega huanguka mbele, mgongo hupinda na tumbo husukumwa nje hata kwa mtu asiye mnene.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema watu milioni 619 waliishi na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo mwaka 2020. Katika mwongozo wake wa Desemba 2023, shirika hilo lilipendekeza mazoezi kwa wenye maumivu ya muda mrefu, na likashauri mishipi ya kuegemeza mgongo isitumike kama tiba ya kawaida.

Sababu ni kwamba mwili una mshipi wake. Msuli wa ndani kabisa wa tumbo huzunguka kiuno na kushikana na tishu za mgongoni. Ukiwa imara, tumbo hushikwa ndani na uti wa mgongo hutulia mzigo unapoinuliwa. Juu yake, misuli mipana ya mgongo huvuta mabega nyuma. Kifua kikifunguka na mgongo ukipanuka kidogo, kiuno huonekana chembamba zaidi.

Kwa hiyo sitapu mia moja kila asubuhi hazitoshi. Haziyeyushi mafuta ya tumboni, kwa kuwa mwili hutumia mafuta kutoka sehemu zake zote. Hapo chakula kina uzito mkubwa: rolex mbili na soda kila usiku kwenye kituo cha mabasi huweza kufuta kazi ya wiki nzima.

Profesa mstaafu Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, anajulikana kwa mazoezi matatu yasiyohitaji jimu. La kwanza ni kulala chali, goti moja limekunjwa na viganja chini ya kiuno, kisha kuinua kichwa na mabega kidogo. La pili ni kulala ubavu, kuegemea kiwiko na kuinua nyonga. La tatu ni kupiga magoti, mikono chini, na kunyoosha mkono mmoja pamoja na mguu wa upande wa pili. Kila moja hushikiliwa kwa takriban sekunde 10, kisha hurudiwa.

Kwa mgongo wa juu, jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji, yenye kilo 5 hivi, inatosha kuanzia. Mtu huinama kutoka nyongani mgongo ukiwa umenyooka, hushika kiti kwa mkono mmoja, na kwa mwingine huvuta jerikeni hadi kiunoni mara 10 kila upande.

Pushapu nazo hukaza tumbo na mgongo kwa pamoja. Aprili 2020, wakati wa karantini ya korona, Rais Yoweri Museveni, akiwa na miaka 75, alionekana kwenye video akipiga 30 ofisini kwake.

WHO hushauri mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na dakika 150 za mwendo kama kutembea kwa haraka. Vilima vya Kampala vinafaa kwa hilo. Nguvu huongezeka baada ya wiki kadhaa. Umbo huchukua miezi.

Mwenye ganzi miguuni, au anayeshindwa kuzuia mkojo pamoja na maumivu ya mgongo, aende hospitali mara moja. Wengine waanze polepole, na mpakani wagawe mzigo mara mbili, wakunje magoti na kuubeba karibu na mwili.