Kampuni ya Malori Hupimwa Gari Likisimama

Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Dereva wa semi mwenye mzigo wa Congo hupanda Kitonga, akapita Iringa, Makambako na Mbeya, akavuka Nakonde, kisha akaikata Zambia hadi Kasumbalesa. Kuanzia hapo anaingia Lubumbashi au Kolwezi, kwenye migodi ya shaba na kobalti. Katika safari hiyo ya wiki kadhaa, kuna siku nyingi ambazo gari halitembei kabisa: liko kwenye foleni ya mpaka, linasubiri nyaraka za forodha, limeharibika porini au linangoja zamu ya kupakia.

Kwa hiyo dereva anayetafuta kazi asiishie kuuliza mshahara. Aulize gari likisimama, gharama anabeba nani. Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama kampuni inafaa.

Tuanze na posho. Madereva wengi wa njia hii wana mshahara mdogo wa mwezi, na wanachotegemea hasa ni posho ya safari. Tuseme posho imepigiwa hesabu ya siku 14, kisha foleni ya Kasumbalesa ikala siku 10 zaidi. Pasipo posho ya kusubiri, dereva ataanza kula fedha aliyopanga kuituma nyumbani kwa ada na kodi ya nyumba. Uliza posho hiyo ipo au haipo, inaanza kuhesabiwa siku ya ngapi, na huwa inatumwa kwa haraka kiasi gani.

Jambo la pili ni wese. Ofisi hupanga lita za kila safari, na zikipungua dereva hudaiwa. Wizi wa mafuta upo, na hakuna haja ya kuuficha. Lakini upo pia upungufu unaotokana na injini iliyochoka, mzigo mzito na milima. Kampuni makini hupanga lita kwa kuangalia gari lenyewe na njia yake, tena humsikiliza dereva kabla ya kumkata. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka hivyo: mwajiri anayedai hasara ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, ampe nafasi ya kujitetea, na makato ya hasara hiyo yasizidi robo ya ujira wake.

Uliza na habari za mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, pamoja na ukomo wa kila ekseli. Mzigo ukipangwa vibaya na mtu mwingine, kisha gari likazuiwa kwenye mizani ya Vigwaza, faini analipa nani?

Majibu ya ofisini hayatoshi. Nenda kwenye maegesho ya Tunduma ukazungumze na madereva na matingo wa kampuni hiyo, na zaidi wale walioacha kazi. Waulize mara ya mwisho gari lilipokufa porini, fundi alifika baada ya muda gani. Waulize pia kama dereva aliyechoka akisema anapumzika, simu ya ofisini humpa pole au humsukuma aendeshe usiku. Usidanganywe na vichwa vipya vinavyong'aa. Gari jipya laweza kuwa la mkopo, na marejesho ya tajiri yakawa ndiyo yanayomnyima dereva usingizi.

Mwisho, dai mkataba wa maandishi wenye mshahara, posho na utaratibu wa makato. Ukishaanza kazi, hakikisha michango yako inafika NSSF, usingoje uzee ndipo uulize. Pakitokea mgogoro, mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi uko wazi, lakini una muda wake: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, na siku 60 kwa madai mengine.

Dereva huyu amekabidhiwa mali ya mamilioni na barabara iliyojaa watu. Anastahili mwajiri anayemhesabia kila siku aliyo kazini, ziwemo zile ambazo gurudumu halikuzunguka. Wenye malori watakaolikubali hilo watapata madereva wa kudumu, na sisi sote tutapata barabara salama zaidi.